Maiki Iliyosikia Nyumba Nzima

Wifi yangu hakunipenda tangu siku niliyoshusha sanduku langu mlangoni kwake, na mimi sikumpa sababu ya kubadili mawazo. Nasema mlangoni kwake kwa kuwa nyumba ile ya Temeke ilijengwa kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake, jambo alilolitaja mara nyingi, hasa nikiwa karibu. Mimi nilikuwa na langu la kutaja. Mumewe ni mdogo wangu wa tumbo moja, na sekondari nilimsomesha mimi kwa mshahara wa mpiga chapa. Kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake anaishi kwa hisani yake. Ukiwaweka watu wawili wa namna hiyo kwenye sebule moja, usitegemee amani.

Nilipiga chapa katika shirika la umma kwa miaka kumi na saba. Sikuwa natazama vidole. Wakubwa watatu walinipitia, na wote walijua kwamba barua ikitoka mezani kwangu haina haja ya kukaguliwa. Kisha mambo mawili yakaja kwa pamoja: shirika likaingizwa kwenye orodha ya yale yanayouzwa, na vidole vyangu vikaanza kuvimba kwenye maungio. Hospitali wakasema ni baridi yabisi. Asubuhi nilikuwa nashindwa kufunga kifungo cha blauzi. Mnunuzi alipokuja na karatasi ya majina ya wanaobaki, sikushangaa kutoliona langu. Kiinua mgongo kikaishia kwenye dawa na kodi ya chumba, na siku moja mdogo wangu akaja na pikapu kunichukua. Hakuwa amemuuliza mkewe. Hilo nililijua baadaye, kwa mdomo wa mkewe mwenyewe.

Wifi alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa sebuleni chini ya dirisha. Alishona sare za shule na magauni ya harusi, na wateja walianza kubisha hodi watoto wake wawili wakishakwenda shule tu. Alikuwa fundi hodari. Sipendi kulisema, lakini nguo aliyoishona yeye ulikuwa huoni mahali uzi ulipoanzia. Mimi nilikaa kwenye kochi na mikono yangu mapajani, nikisikiliza ile cherehani kutwa, taka-taka-taka, nikijisikia kama mzigo uliosahaulika stesheni.

Mdogo wangu alikuwa karani wa mizigo bandarini. Huko alifahamiana na mgeni mmoja aliyekuwa mtaalamu wa mradi, na mkataba ulipomwishia yule mgeni akauza vitu vyake: friji, magodoro, kompyuta. Mdogo wangu akanunua kompyuta. Aliileta siku ya Jumamosi, akaipanga juu ya meza ya chakula, halafu akatoa boksi moja la rangi rangi lililokuja nayo. Juu ya boksi palikuwa na picha ya mwanamke aliyevaa maiki kichwani, anazungumza na skrini huku mikono ameikunja.

"Dada, hii unaiambia, yenyewe inaandika," alisema. "Hata kufungua faili na kulifunga, unaiambia kwa mdomo tu. Huna haja ya vidole."

Nililia. Nililia mbele ya wifi yangu, kosa ambalo nilikuwa nimeapa sitalifanya ndani ya nyumba ile. Yeye aliacha kukanyaga cherehani, akatazama meza, akatazama boksi.

"Na litakaa wapi hilo?" akauliza.

Pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo kabla sijaja, kitanda kilipoingia hata mlango haukufunguka wote. Kompyuta ikabaki sebuleni, hatua nne kutoka kwenye cherehani.

Ndani ya boksi tulikuta sidii na kitabu cha maelezo. Tulikuta na sponji iliyochongwa umbo la ile maiki ya kwenye picha, lakini maiki yenyewe haikuwamo. Labda yule mgeni aliondoka nayo, labda aliipoteza zamani. Mdogo wangu akanipa hela nikatafute nyingine.

Kabla ya kwenda Kariakoo nilipitia kwa mzee mmoja aliyetengeneza redio kwenye kibanda karibu na soko letu. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakuwa na haraka. Alinifundisha mambo ambayo mpaka leo nayajua kwa moyo.

"Usidanganyike na ukubwa," aliniambia. "Ile nene ya kushika mkononi, ya harusini, hiyo inataka amplifaya. Kompyuta haitaisikia, na pini yake haitaingia. Chukua ndogo, yenye pini nyembamba. Zipo za aina mbili, ya kusimama mezani na ya kuvaa kichwani. Ya kichwani inasikia mdomo wako tu. Ya mezani inasikia nyumba nzima."

Kariakoo muuzaji alianza, kama mzee alivyotabiri, na ile ya harusini. Akaisifu sana. Nilipomwomba aichomeke kwenye kompyuta nione, akaiweka kando, akatoa zile ndogo. Ya mezani ilikuwa na kikalio cha plastiki na shingo unayoweza kuikunja. Ya kichwani ilikuwa na utepe wa chuma, kikombe kimoja cha sikio, na mkono mwembamba wa kuleta maiki mbele ya mdomo. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya mezani. Hela niliyopewa ilitosha ya mezani na nauli. Nikaichukua. Mpaka hapo sikuwa na kosa.

Programu ile kwanza ilitaka iizoee sauti yangu. Ilinipa habari ndefu ya Kiingereza niisome kwa sauti, mstari kwa mstari. Kiingereza changu ni cha chuo cha uhazili, kila neno nalitamka lote, na nilitegemea mashine itanipenda. Ikakataa. Nilisoma mstari wa kwanza mara sita. Nyuma yangu cherehani ilikuwa inakwenda, na kila ilipokwenda, ile programu ilikwama ikaniambia nirudie.

"Wifi," nikasema, "naomba usimame kidogo."

"Kidogo ndiyo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nimalize ukurasa huu."

Akanyanyua mguu. Nikasoma, na mistari ikapita mmoja baada ya mwingine. Nilisoma muda wa kama nusu saa, na katika nusu saa ile hapakuwa na sauti nyingine ndani ya nyumba isipokuwa yangu. Tangu nitoke kazini hakuna mtu aliyekuwa amenyamaza kwa ajili yangu. Nilipomaliza, niliiambia kompyuta ihifadhi, ikahifadhi. Nikaiambia ifunge, ikafunga.

"Haya," wifi akasema, akarudisha mguu. "Angalau sasa amepata wa kumtuma anayemtii."

Hakuniambia mimi. Alikiambia kitambaa.

Kazi zikaanza kuja. Miaka ile kila mtu alikuwa anaandika barua ya Kiingereza: waliopunguzwa kazini wanaomba kazi kwa makampuni mapya, vijana wanaomba ufadhili, vikundi vya kina mama vinaomba misaada kwa wafadhili. Nilikuwa nasema, mashine inaandika, halafu nasahihisha makosa kwa penseli niliyoikamata kwa ngumi nikibonyeza kibodi kwa upande wenye ufutio. Barua za Kiswahili mashine haikuziweza hata chembe, hizo niliziandika zote kwa penseli, herufi moja moja. Lakini za Kiingereza zilikuwa nyingi, na zilinipa hela ya dawa bila kumwomba mtu.

Tatizo ni kwamba maneno ya mzee wa redio yalikuwa kweli tupu. Ile maiki ilisikia nyumba nzima. Cherehani ikikanyagwa, skrini inajaa vineno vya Kiingereza visivyo na maana. Wifi akiongea na mteja wake, Kiswahili chake kinaingia kwenye barua ya mtu kama Kiingereza cha mlevi. Mara moja nusura nimkabidhi bwana mmoja barua ya kuomba uhasibu ambayo katikati yake mlikuwa na mazungumzo ya wifi kuhusu vipimo vya makalio ya mama fulani, yaliyogeuzwa kuwa maneno ya samaki na milango.

Kwa hiyo nilipokuwa nafanya kazi, yeye hakufanya. Mwanzoni nilikuwa namwomba. Baada ya wiki kadhaa nikawa namwambia tu, "Naanza." Mwishoni sikusema kitu, nilinyanyua mkono. Mkono wenyewe ulikuwa umepinda kama tangawizi, lakini ulitosha kusimamisha cherehani. Na sitaficha kitu hapa: nilikuwa nikiunyanyua hata siku ambazo kazi yangu ingeweza kungoja. Mteja wake akiingia na gauni la haraka, ndipo mimi nilipokumbuka kwamba nina barua.

Naye hakukaa bure. Sufuria zilianza kumponyoka jikoni katikati ya sentensi zangu. Redio iliwashwa, ikasahaulika. Watoto wakitoka shule aliwaita kutoka mwisho wa uwanja kwa sauti ya kuita gari. Wateja wake, ambao zamani walikuwa wanapima na kuondoka, sasa walikaribishwa chai. Alinirushia vijembe bila kunitazama: kuna watu wakipewa pembe ya kiti wanataka kiti chote, kuna watu ulemavu wao uko rohoni. Umeme ukikatika, na siku zile za mgao ulikatika kila mara, siku ilikuwa yake. Kompyuta ikizimika tu, yeye anakaa, anavuta kitambaa, anakanyaga. Aliimba hasa siku hizo.

Mdogo wangu alirudi jioni amechoka, akala, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaenda kulala. Alikuwa mtu mpole. Upole wake tuliutumia wote wawili vibaya.

Hatimaye wifi akaitoa cherehani nje, barazani. Aliikokota mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa. Paa la baraza lilikuwa fupi. Kiangazi jua lilimpiga mgongoni kutwa, na masika yalipokuja mvua ikawa inamrukia. Siku moja mvua ya upepo ilikuja ghafla. Alikuwa anamalizia gauni la satini nyeupe. Kabla hajalikusanya, tope jekundu lilikuwa limeruka mpaka kwenye pindo. Aliliingiza ndani amelikumbatia kama mtoto mgonjwa, akalitandika mezani, pembeni mwa kibodi yangu, akaanza kulifuta kwa sabuni na maji ya limau. Doa halikutoka. Nilikaa palepale nikimwangalia. Nilijua namna ya kutoa doa la tope kwenye satini, mama yetu alinifundisha: unaliacha likauke kwanza, ndipo unalikwangua. Sikusema.

Mteja alilikataa gauni, na ilibidi wifi anunue kitambaa kingine. Usiku ule niliwasikia wakizungumza chumbani kwao, yeye akilia kwa hasira, na asubuhi mdogo wangu akanipa hela.

"Dada, nenda kachukue ile ya kichwani," alisema. "Ingekuwa nimejua ningekupa tangu mwanzo. Nyie wawili mtaniua."

Nilikwenda Kariakoo siku hiyohiyo. Muuzaji alinikumbuka. Alinivalisha ile maiki kichwani, kwa sababu vidole vyangu vilishindwa kuufungua utepe, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Dukani redio ilikuwa inapiga kelele, nje mkokoteni wa magunia unapita, mtu anatangaza bei za mitumba. Nilisema sentensi mbili tatu, akanirudishia nisikilize. Ilikuwa sauti yangu peke yake. Kelele zote zile zilikuwa zimebaki nje, kwa mbali, kama zinatoka nyumba ya tatu.

Ilikuwa ndiyo hasa. Ndiyo niliyohitaji kwa kazi yangu, na hela ninayo mkononi.

Nikawaza kwamba kesho cherehani itarudi ndani. Nikawaza kwamba sitakuwa tena na sababu ya kunyanyua mkono. Nikamwambia muuzaji aniondolee kichwani, nikamshukuru, nikaondoka.

"Zimekwisha," nilimwambia mdogo wangu jioni. "Wanasema mzigo unatoka Dubai, haijulikani lini." Nikamrudishia hela yake yote. Kwa miezi miwili nilijifariji kwa hilo, kwamba sikula hela ya mtu. Wifi aliendelea kushona barazani. Wateja wengine walipungua, hawakupenda kupimwa vifua hadharani. Mimi niliendelea kusema na mashine yangu ndani ya sebule tulivu, na kila nilipotazama dirishani niliona mgongo wake.

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mdogo wangu alikuwa kwenye kochi anasoma gazeti, mimi naiambia kompyuta barua ya kikundi kimoja cha Tandika kilichotaka kufuga kuku. Wifi aliingia kutoka mjini alikokwenda kununua zipu na bitana. Hakusalimu. Alikuja moja kwa moja, akaweka mfuko wa nailoni juu ya kibodi.

"Hizo hapo," alisema. "Zilizokwisha."

Mdogo wangu akashusha gazeti.

"Muuzaji anakukumbuka vizuri," wifi aliendelea. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele. "Mama mwenye vidole, ananiambia. Anasema alivaa, akajaribu, akasema asante, akarudisha. Nikamuuliza, kwani zilikuwa zimekwisha? Ananishangaa. Anasema hazijawahi kukwisha hata siku moja."

Maiki ya mezani ilikuwa bado inasikia. Maneno yake yalikuwa yanaingia kwenye skrini, yakigeuka Kiingereza kibovu, chini ya sentensi ya kuku. Nilitazama hayo badala ya kumtazama yeye.

"Dada," mdogo wangu alisema. "Kweli?"

"Alikuwa amezidi," nikajibu.

"Nimezidi nini?" wifi akauliza. "Mie nimezidi nini, ndani ya nyumba ya baba yangu? Miezi yote hii nimekaa juani."

"Ulikuwa unataka niondoke."

"Mie sikutaka uondoke. Nilitaka kushona."

Mdogo wangu aliinuka, akatoka barazani, akaibeba cherehani peke yake, kile chuma kizito na meza yake, akaiweka chini ya dirisha ilipokuwa zamani. Akarudi kwenye kochi, lakini gazeti hakulisoma tena.

Asubuhi iliyofuata hakuniamkia. Tangu alipojifunza kuongea, mdogo wangu alikuwa hajawahi kunipita asubuhi bila shikamoo. Alinipita mlangoni, akafunga kamba za viatu, akatoka zake. Ilichukua zaidi ya wiki tatu kabla hajaisema tena, na ilipokuja ilikuwa fupi, ya njiani. Nimeugua maradhi mengi tangu wakati ule. Hakuna lililoniuma kama wiki tatu zile.

Maiki ya kichwani niliivaa. Ningeacha kuivaa kwa aibu, lakini kazi za watu zilikuwa zinangoja. Kuivaa kwenyewe nilihitaji msaada wa mtu kuutanua utepe, na asubuhi mtu pekee aliyekuwa nyumbani alikuwa yeye. Nilijitahidi kwa viganja na ukingo wa meza mpaka nikazoea. Hakunisaidia, wala sikumwomba. Niliisomea programu habari yake ndefu upya, safari hii cherehani ikikanyagwa nyuma yangu mwanzo mpaka mwisho, na haikukwama hata mara moja.

Zaidi ya mwaka mzima tulifanya kazi hivyo, migongo imetazamana. Yeye alishona, mimi nilisema. Wateja wake waliniamkia na wangu walimsalimu, na kati yetu wenyewe yalipita maneno ya lazima tu, chumvi iko wapi, funga mlango mvua inaingia. Nilipopata hela ya kutosha nilipanga chumba Kipawa, nikachukua kompyuta yangu na sanduku langu. Siku niliyohama alikuwa anampima mteja. Alisema "Haya, wifi," na pini mdomoni, akaendelea kupima.

Mdogo wangu nilimwomba radhi, huko Kipawa, siku aliyokuja kunitazama. Alisema yamekwisha, na nadhani kwake yalikwisha. Mkewe sikumwomba. Nilikuwa najiambia kwamba nafasi haijapatikana.

Ilipatikana. Mjomba wetu alipofariki tulikutana msibani, tukajikuta uwani kwenye mkeka mmoja na beseni la viazi kati yetu. Wanawake wengine walikuwa wamekwenda kuteka maji. Kisu kilikuwa kinaniteleza. Yeye alimenya vyake haraka haraka, akaanza kuchukua na vya upande wangu bila kuniuliza. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi kichwani, haikuwa ndefu. Nikajisogeza karibu, nikafungua mdomo.

"Sogea, wifi," akasema. "Umenizibia mwanga."

Nikasogea.